Kengele Ni ya Mapumziko, Si ya Kazi

Barua nyingi zilizotufikia safari hii zinahusu jambo moja: mtu amejaribu kugawa kazi yake kwa kengele ya dakika 25, ikamfaa siku fulani na kumvuruga siku nyingine. Tumechagua barua saba, baadhi tumezifupisha.

SWALI: Mimi ni mfasiri. Nafanya kazi dakika 25, napumzika 5. Shida ni kwamba kengele hulia ndiyo kwanza nimezama kwenye maandishi. Nikiinuka, inanichukua muda mrefu kurudi nilipokuwa. Nisipoinuka, naona nimevunja utaratibu. Nifanyeje?

JIBU: Usiinuke. Utaratibu huo, maarufu kwa jina la Pomodoro, ulibuniwa na Francesco Cirillo mwishoni mwa miaka ya 1980 alipokuwa mwanafunzi wa chuo kikuu nchini Italia, akisumbuliwa na kushindwa kutulia na masomo yake. Alitumia saa ya jikoni yenye umbo la nyanya. Kwa mtu anayeshindwa kuanza, dakika 25 ni kipimo kizuri sana. Kwa mfasiri aliyekwisha kuanza, mara nyingi ni kipimo kibaya, na sababu iko kwenye aina ya kazi yenyewe.

Unapofasiri unabeba mambo mengi kichwani kwa wakati mmoja: sentensi ya asili, istilahi uliyoichagua kurasa tatu nyuma, sauti ya mwandishi, na sentensi yako mwenyewe ambayo bado haijakaa sawa. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichoandikwa mahali. Ukiinuka hutawanyika, na ukirudi inabidi uvikusanye upya. Ikiwa kuvikusanya kunakula dakika 10, kipindi cha dakika 25 kimekuachia 15 tu za kufasiri.

Kwa hiyo geuza saa. Badala ya saa inayohesabu kurudi nyuma hadi sifuri, tumia inayoanzia sifuri na kwenda mbele. Chukua karatasi, igawe safu tano: kazi, saa ya kuanza, saa ya kuacha, dakika za mapumziko, na safu nyembamba ya kuweka alama kila unapokatizwa. Andika kazi moja, tena kwa ufinyu. Usiandike "tafsiri ya kitabu". Andika "sura ya 4, aya ya 1 hadi ya 12". Andika saa ya kuanza, kisha fanya kazi mpaka umakini uanze kushuka. Dalili zake hazijifichi: unasoma sentensi moja mara tatu bila kuipata, mkono unatafuta simu bila kuutuma, unakosea maneno unayoyajua, au umeanza kuhangaika na ukubwa wa herufi na nafasi kati ya mistari ilhali hakuna aliyekuomba. Hapo andika saa ya kuacha, upige hesabu ya mapumziko yako.

Vipimo vinavyotumika sana na wanaofuata mtindo huu ni hivi: ukifanya kazi chini ya dakika 25, pumzika 5, kuanzia 25 hadi 50, pumzika 8, kuanzia 50 hadi 90, pumzika 10, ukizidisha 90, pumzika 15. Si sheria. Ukiona dakika 10 hazikutoshi baada ya saa nzima ya maandishi magumu, weka 15 na uendelee kuandika kumbukumbu zako.

Halafu, na hapa ndipo wengi wanapoteleza, weka kengele kwenye mapumziko. Kazi inayoendelea vizuri haihitaji kukatwa na mlio, lakini mapumziko yasiyo na kengele hayana mwisho. Dakika 8 zinakuwa 40 nawe hujui zimeishia wapi, kisha unaulaumu mtindo mzima.

Kosa la pili ni kuacha kazi kwenye sehemu ngumu na kuuita ugumu huo uchovu. Ugumu umekaa mahali pamoja, uchovu unakufuata kila uendako. Jipime: ruka aya inayokusumbua, fanya nyepesi kwa dakika mbili. Ikienda, hukuwa umechoka, ulikuwa umekwama. Weka alama pale palipokukwamisha na usonge mbele. Hata nyepesi ikigoma, pumzika.

Baada ya siku tano za kazi, panga vipindi vyako vyote kuanzia kifupi hadi kirefu, uangalie cha katikati. Hicho ndicho kipimo chako halisi. Usitumie wastani wa kujumlisha na kugawanya, maana kipindi kimoja cha saa tatu kinaweza kukudanganya kuhusu wiki nzima. Tazama pia saa za siku ambazo vipindi virefu vimeangukia. Kama ni kati ya saa tatu na saa tano asubuhi, basi muda huo usiupe barua pepe wala simu za wateja.

SWALI: Shikamooni wahariri. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu. Nimesoma mahali kwamba mtu asiweke kengele, afanye kazi hadi achoke. Mimi nachoka baada ya dakika saba! Je, mtindo huo si wa watu kama mimi?

JIBU: Marahaba. Kwa sasa si wako, na hakuna ubaya. Mtindo wa saa inayohesabu mbele unamfaa aliyekwisha kuingia kazini. Wewe shida yako iko mlangoni. Weka kengele ya dakika 10, si 25. Ikilia, una ruhusa ya kuacha bila kujilaumu. Lakini kama umeshika kasi, usiiweke tena. Andika saa na uendelee bila kengele, kama alivyoelezwa mfasiri hapo juu. Kengele imekuvusha kizingiti, kazi yake imekwisha.

Dakika saba mara nyingi ni dalili ya kazi isiyo na umbo. "Kusoma takwimu" haianziki, kwa sababu hujui mkono uanze na nini. "Kufungua ukurasa wa 112 na kuandika swali la kwanza kwa maneno yangu" inaanzika. Kabla ya kuanzisha saa, andika tendo la kwanza kabisa, lile ambalo hata mtu mwingine angeweza kulifanya akisoma maandishi yako.

Weka karatasi tupu kando. Kila wazo linalokuvuta, liandike papo hapo pamoja na wakati utakaolishughulikia: "kumpigia mjomba, saa kumi na moja jioni". Huo wakati usiuache. Watafiti E. J. Masicampo na Roy Baumeister walionyesha mwaka 2011 kwamba lengo ambalo halijakamilika huendelea kumwingilia mtu anapofanya jambo jingine, na kwamba kulipangia mpango mahususi kunaliondolea nguvu hiyo hata kabla halijatekelezwa. Orodha isiyo na saa ni nusu ya dawa.

Simu iwe chumba kingine. Kuigeuza kifudifudi mezani hakutoshi, kwa kuwa mkono unajua ilipo.

Ukishapata siku nne au tano mfululizo ambazo unapita dakika 10 bila shida, panda hadi 15, kisha 20. Usipande kwa siku moja nzuri. Na kama tangu utotoni umekuwa hivi katika kila jambo, si masomo tu, au kama hulali vya kutosha, usitegemee saa ikutibu: usingizi uutengeneze kwanza, na hilo la utotoni lizungumze na mtaalamu wa afya.

SWALI: Nafanya hesabu za wateja nikiwa nyumbani. Siku nyingine napumzika mno, nyingine sipumziki kabisa. Kuna kiwango cha mapumziko kwa siku nzima?

JIBU: Kipo kipimo chepesi kukumbuka: theluthi moja. Kila ukiacha kazi, una haki ya mapumziko yasiyozidi theluthi ya muda uliofanya kazi. Dakika 45 za kazi zinakupa 15. Dakika 30 zinakupa 10. Dakika 90 zinakupa 30. Usipoyamaliza, yanayobaki unayahifadhi. Ukifanya kazi dakika 45 na kupumzika 10, zimebaki 5. Ukifanya tena dakika 30, una 10 zako na zile 5, jumla 15. Ukizidisha mapumziko, ziada unaikata kwenye yanayofuata. Mlo wa mchana hauhesabiwi, na baada yake hesabu inaanza upya: akiba imefutwa, deni limefutwa. Bila kufuta hivyo, mtu hulimbikiza dakika za asubuhi na kupoteza jioni nzima akizitumia, au hubeba deni linalomkatisha tamaa kabla hajakaa.

Tuchukue siku ya saa 8 yenye saa 1 ya mlo. Zimebaki saa 7. Kwa theluthi, kila dakika 3 za kazi zina 1 ya mapumziko, kwa hiyo robo tatu ya muda huo ni kazi: saa 5 na dakika 15 za kazi, saa 1 na dakika 45 za mapumziko. Wapo wanaotumia moja ya tano badala ya theluthi. Hapo wanapata saa 5 na dakika 50 za kazi, na saa 1 na dakika 10 za mapumziko. Tofauti ni dakika 35. Tunashauri uanze na theluthi. Dakika 35 ulizojinyima kwa moja ya tano huenda ukazilipa kwa makosa ya tarakimu saa za alasiri, na kusaka kosa moja katika jedwali lenye safu mia kunaweza kula zaidi ya hizo dakika.

Wengi hudhani theluthi ni anasa ikilinganishwa na 25 kwa 5. Sivyo. Pomodoro kamili ina vipindi vinne, yaani dakika 100 za kazi, mapumziko mafupi matatu ya dakika 5, na marefu ya dakika 15 hadi 30 mwishoni. Hizo ni dakika 30 hadi 45 za kupumzika kwa kila 100 za kazi. Tena mwaka 2014 kampuni ya DeskTime, inayotengeneza programu ya kufuatilia muda wa kazi, ilitazama watumiaji wake waliofanya kazi nyingi zaidi, ikakuta wastani wao ni dakika 52 za kazi kwa 17 za mapumziko. Hiyo nayo ni theluthi. Mwaka 2021 kampuni hiyo hiyo ilipata 112 kwa 26, kwa hiyo usizichukue namba za 52 na 17 kama amri. Ni wastani wa watu waliofanya kazi kwenye kompyuta, kwa mazingira ya wakati wao.

SWALI: Ninasimamia kitengo cha watu tisa. Mlango wangu hauna mapumziko. Haya mambo ya kuzama kazini nitayafanya saa ngapi?

JIBU: Hutayafanya siku nzima, na usijaribu. Tafuta vipindi viwili kwa siku, kimoja cha dakika 40 hadi 60 na kingine cha 30, uwaambie watu wako saa utakayopatikana, si saa usiyopatikana. "Nitakuwa huru saa nne na nusu" inamtuliza mtu, kwa sababu ana ahadi mkononi. "Sitaki kusumbuliwa hadi saa nne na nusu" inamfanya ajiulize kama jambo lake ni la dharura, na mara nyingi atajijibu kwamba ni la dharura.

Ukikatizwa katikati ya kipindi, angalia urefu wa jambo. La chini ya dakika moja, lijibu na uache saa iendelee, uweke alama kwenye ile safu nyembamba. Refu zaidi, omba sekunde 30 kabla hujainua macho. Katika sekunde hizo andika mambo matatu: umefika wapi, hatua inayofuata ni ipi, na uamuzi gani ulikuwa unaupima. Kwa mfano: "Nimefika ripoti ya robo ya pili. Inafuata: kulinganisha gharama za usafiri. Sijaamua kama safari za mafunzo ziingie humu." Mwaka 2009 mtafiti Sophie Leroy alieleza kwamba mtu akihama kazi ambayo haijaisha, sehemu ya mawazo yake hubaki nyuma kwenye ile ya kwanza, na ile ya pili huharibika. Mwaka 2018, pamoja na Theresa Glomb, alionyesha kwamba kuandika kifupi namna utakavyorudi kunapunguza mabaki hayo. Kwa maneno mengine, zile sekunde 30 zinamfaidi hata aliyekuja mlangoni, maana atapata masikio yako yote.

Mwisho wa wiki hesabu alama. Zikirundikana saa fulani, tazama chanzo. Pengine taarifa fulani iko kwako peke yako na ingeweza kubandikwa mahali kila mtu akaiona.

SWALI: Nimeambiwa akili ya binadamu hufanya kazi kwa mizunguko ya dakika 90, kwa hiyo kila kipindi kiwe dakika 90. Ni kweli?

JIBU: Mzunguko wa takriban dakika 90 unajulikana vizuri katika usingizi. Nathaniel Kleitman, mmoja wa waanzilishi wa sayansi ya usingizi, alipendekeza kwamba mdundo huo unaendelea hata mtu akiwa macho. Ushahidi wa sehemu hiyo ya pili si imara kiasi cha kupangia siku yako. Dakika 90 zitumie kama dari: ukifika hapo bila kupumzika, inuka hata kama hujachoka.

Kinachoamua urefu zaidi ya mzunguko wowote ni aina ya kazi. Kazi za kuvizia kosa, kama kusahihisha maandishi ya chapa, kukagua tarakimu au kutazama skrini ukisubiri kitu kitokee, huchosha haraka kuliko kuandika au kubuni. Mwaka 1948 Norman Mackworth alichapisha majaribio ambayo watu walitazama mshale unaozunguka kama wa saa na kutakiwa kutaja kila unaporuka hatua mbili badala ya moja. Umakini wao ulishuka ndani ya nusu saa ya kwanza. Hata mapumziko mafupi husaidia: Atsunori Ariga na Alejandro Lleras waliripoti mwaka 2011 kwamba watu waliopewa nafasi mbili fupi za kuliacha zoezi la aina hiyo katika dakika 50 hawakushuka kama waliolifanya moja kwa moja. Basi ukisahihisha, vipindi viwe dakika 20 hadi 30, na hapo kengele ya kazi inaruhusiwa, kwa kuwa msahihishaji aliyechoka hajijui. Anaendelea kupitisha macho juu ya makosa akiamini anasoma. Ukiandika rasimu, acha saa iende mbele.

SWALI: Ninatengeneza programu za kompyuta. Nikianza, nastuka saa nne zimepita, kichwa kinauma, shingo imekaza. Lakini kazi inakuwa nzuri. Kwa nini nijikate?

JIBU: Kwa sababu ya kesho. Linganisha siku inayofuata kila kipindi cha saa nne na ile inayofuata vipindi vya saa moja na nusu, kwa wiki mbili. Andika tu saa uliyoanza kazi kwa kweli, na idadi ya makosa uliyoyarekebisha kwenye maandishi ya jana. Ukikuta hakuna tofauti, endelea ulivyo, ila mwili uuhudumie.

Ukikuta ipo, weka mlio mmoja wa chini, dakika ya 80. Usiwe wa kukukurupusha. Unakupa dakika 10 za kutafuta pa kusimama. Pa kusimama pazuri ni palipo rahisi kuanzia: andika jaribio moja la kukagua programu ambalo bado halijapita, au nusu ya amri unayojua itaishaje, na maelezo ya mstari mmoja juu yake. Wengi husimama baada ya kumaliza sehemu nzima. Inaridhisha, lakini ukirudi unakutana na ukurasa mtupu na uamuzi mkubwa wa kuanza nao.

Macho yasisubiri dakika 90. Kila dakika 20 tazama kitu kilicho umbali wa mita 6 au zaidi kwa sekunde 20. Hilo halivunji mawazo. Unaweza kulifanya ukiendelea kufikiri. Kichwa kinachouma baada ya saa nne kinaweza kuwa ni macho makavu, maana mtu anayekodolea skrini hupepesa kope mara chache.

SWALI: Kupumzika kwa kuangalia simu kunahesabika? Na kulala kidogo je?

JIBU: Simu inahesabika kwenye saa, ila haikupumzishi kwa kipimo hicho hicho. Uliyekuwa unasoma maandishi kwenye kioo sasa unasoma maandishi kwenye kioo kidogo zaidi, tena yenye ugomvi wa watu na maswali yanayokutaka ujibu. Unarudi mezani na mabaki ya kazi na mabaki ya simu. Kwa mapumziko ya dakika 5 hadi 10, simama, tembea, kunywa maji, tazama mbali, osha chombo kimoja. Ujumbe wa watu uupe kipindi chake, uliouandika kwenye ile karatasi ya safu tano kama kazi nyingine.

Kulala kunafaa, hasa mchana, ukikuweka chini ya dakika 20. Ukizidi hapo unaanza kuzama kwenye usingizi mzito, na kuamshwa ukiwa humo kunakuacha na uzito wa kichwa unaoweza kudumu nusu saa au zaidi. Weka kengele ya dakika 25 ili 5 za mwanzo ziwe za kusinzia. Kahawa ukiinywa kabla tu ya kulala, nguvu yake huanza kuonekana takriban unapoamka. Lakini baada ya saa tano hivi nusu yake bado huwa mwilini, kwa hiyo baada ya saa tisa alasiri lala bila kahawa, na baada ya saa kumi usilale tena, usije ukaiba usingizi wa usiku.